Siku Tatu Shangani: Pembe za Maniema Zilipita Hapa



Mwaka 2019 nilipata bahati ambayo mtoto wa Kibombo haipati kila siku. Semina moja ya walimu ilinialika Unguja, na wenye semina walilipa kila kitu: ndege, chakula, na kulala siku tatu katika hoteli kubwa ya kando ya bahari, pale Shangani, Mji Mkongwe. Mi niliyezoea kuoga mtoni na kungojea treni isiyo na siku wala saa, nikapewa kitanda cha kutosha watu wanne na dirisha la kuangalia maji mpaka macho yachoke.

Siku ya kwanza nilifurahi tu. Nilipiga picha, nikatuma nyumbani. Siku ya pili asubuhi, kijana aliyekuwa anatuletea chai akaniuliza: "Kaka, samahani, Kiswahili chako cha wapi hicho?" Nikamwambia: "Cha Maniema, Kongo." Akacheka kwa heshima: "Kumbe Kongo nanyi mnasema Kiswahili? Nani aliwapelekea?"

Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa jibu la kusema mbele ya chai na maandazi.

Jioni njo nikatoka kwa miguu kutafuta nyumba moja. Haikuwa mbali, ni dakika chache tu kupitia vichochoro vya Shangani. Ni nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule ambaye sisi wote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Mlango wake mkubwa wa mbao za kuchongwa bado upo. Nilisimama pale nikafikiri: mlango huu ulilipwa na nini? Mwenye nyumba alitajirika kwa pembe, na pembe nyingi zilitoka kwetu.

Tupange tarehe vizuri, maana habari hii tunaisema sana lakini tunaichanganya. Wafanyabiashara wa pwani walifika Maniema katika miaka ya 1860 wakitafuta pembe. Nyangwe na Kasongo, ambazo leo si miji mikubwa, zikawa vituo vyao vikubwa. Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, watu wao wenye bunduki walipiga risasi ndani ya soko la Nyangwe, soko la wamama, kwenye ukingo wa Lualaba. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuzama mtoni. Livingstone alikuwa pale, akaona kwa macho yake, akaandika. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliongeza nguvu ya kumsukuma Sultani Barghash, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Leo mahali pale pamesimama kanisa kuu la Waanglikana. Wageni wanaingia, wanasikiliza historia ya soko, wanatoka. Ni wangapi wanaambiwa kwamba kilio cha wamama wa Nyangwe nacho kilisaidia kulifunga?

Lakini biashara ya pembe haikufa. Mwaka 1876 Stanley alikutana na Tippu Tip karibu na Kasongo, akamwahidi dola 5,000 amsindikize kushuka Lualaba. Na mwezi wa pili 1887, hapahapa Unguja, Stanley akapatana naye kwa jina la Mfalme Leopold II: Tippu Tip awe gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Yaani nchi yetu ilipangwa kwenye kisiwa ambacho babu zetu wengi hawakukiona hata siku moja, isipokuwa wale waliofika wamefungwa kamba.

Hapo Shangani kuna jengo lingine linaitwa Mambo Msiige, maana yake mambo ambayo msijaribu kuyaiga. Lilijengwa na tajiri mmoja wa karne ya 19, na baadaye makonsuli wa Uingereza walikaa ndani yake. Leo ni sehemu ya hoteli ya kifahari. Nililipita usiku, taa zinawaka, wageni wanakula mbele ya bahari. Mi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wageni kama hao. Sikuwakasirikia. Ila nilijiuliza juu ya nini ufuo wenye uzuri hivi sikuujua hata kidogo nilipokuwa shuleni.

Na pembe zenyewe hazikubaki Unguja. Nyingi zilivuka bahari hadi Marekani, katika jimbo la Connecticut, ambako mji mmoja uliitwa Ivoryton kwa sababu ya kazi hiyo. Kule zilikatwa kuwa vibao vyeupe vya piano. Mtoto wa tajiri alijifunza muziki kwenye kitu ambacho mtu wa Maniema alikibeba begani kwa miezi.

Shuleni tulifundishwa kwamba Wabelgiji walitukomboa kwa vita vya 1892 mpaka 1894. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, ni kweli. Lakini pembe ziligeuka njia tu. Badala ya kwenda mashariki zikashuka mto kwenda magharibi, mpaka Antwerp, na juu yake ikaongezwa kazi ya mpira kwa nguvu. Tena mwaka 1911 reli ya Kindu mpaka Kongolo ikakamilika, ikipita kwetu Kibombo. Mzigo ulitoka begani ukapanda treni; mwenye mali hakuwa sisi.

Juu ya hiyo sipendi hadithi mbili tunazopigana nazo kila siku. Wa kwanza anasema watu wa pwani walituletea tu ustaarabu: Kiswahili, dini, muchele. Wa pili anasema walituletea kifo tu. Muchele tunaula, Kiswahili njo hiki ninachoandika, na Nyangwe ilitokea. Yote matatu ni yetu.

Koko wangu alikuwa anatueleza kwamba kaka wa bibi yake alikamatwa na watu wa bunduki, akabebeshwa pembe kuelekea jua linakotoka, hakurudi. Jina lake limepotea. Nilipopita Dar es Salaam wakati wa kurudi, nilikwenda Kariakoo kuona Msikiti wa Manyema. Watu waliotoka kwetu, wapagazi na mateka na watoto wao, walikaa kule, wakajenga nyumba, wakaweka jina la nchi yao juu ya msikiti. Hata Ujiji na Buyenzi ya Bujumbura wako. Sijui kama ndugu ya koko alifika. Lakini nilivua viatu, nikaketi kidogo.

Siku ya mwisho hotelini nilimjibu yule kijana. Nilimwambia yote, kwa ufupi. Akaweka sinia chini, akasema: "Jina la Tippu Tip tulilisoma, lakini habari za kwenu hatukusoma." Nikamwambia: "Hata sisi hatukusoma, ndugu yangu."

Wasomi, wazee wanaojua majina haya wanaondoka mmoja mmoja. Likizo hii ukifika kijijini, kaa na koko wako, uliza nani alienda na hakurudi, andika jina na mahali. Hoteli za Shangani zitaendelea kuwepo. Majina hayo hayatangoji.