Kazi ya Mikono Ilivyoingia Hospitalini

Hadi karibu mwisho wa karne ya 18, hospitali nyingi za wagonjwa wa akili barani Ulaya ziliendeshwa kwa imani kwamba aliyepotewa na akili amepotewa pia na utu. Kutokana na imani hiyo, mgonjwa alifungwa minyororo, alitolewa damu na kutengwa na jamaa zake. Mwaka 1790 mjane mmoja, Hannah Mills, alifia katika hospitali ya namna hiyo mjini York, Uingereza, baada ya waumini wenzake kukatazwa kumwona. Alikuwa wa dhehebu la Marafiki, ambalo leo lina wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Kifo chake kilimsukuma William Tuke, mfanyabiashara wa majani ya chai na muumini wa dhehebu hilo hilo, kuchangisha fedha za nyumba ya wagonjwa yenye utaratibu mwingine. Ilifunguliwa mwaka 1796 na kuitwa Retreat. Humo wagonjwa walishona, walifuma na kulima bustani, kwa kuwa Tuke na wenzake waliamini kwamba kazi ya utulivu humsaidia mtu kujitawala upya.

Utaratibu huo ulitegemea nyumba ndogo na wahudumu waliomjua kila mgonjwa. Sheria ya mwaka 1845 ilizilazimisha kaunti za Uingereza kujenga hospitali za wagonjwa wa akili, na majengo hayo yakajaa upesi. Wahudumu walipozidiwa, kazi haikufutwa, bali ilibadilishwa lengo. Mgonjwa alifua nguo, akapika chakula na kulima shamba la hospitali, mara nyingi bila ujira wa maana. Madaktari waliendelea kuiita tiba, lakini aliyenufaika zaidi ni mwenye kutunza hesabu.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wazo la awali lilifufuka, safari hii Marekani, na chanzo chake kilikuwa nje ya hospitali. Mbunifu wa Uingereza, William Morris, na wafuasi wake walikuwa wamelalamika kwamba mashine za viwandani zimemnyang'anya fundi furaha ya kazi yake. Daktari Herbert Hall aliyachukua malalamiko hayo na kuyageuza kuwa tiba. Wakati huo watu waliochoka akili walilazwa kitandani kwa majuma mengi, kwa agizo la kupumzika tu. Hall aliona kwamba mapumziko ya namna hiyo huwaachia wengine nafasi ya kuzama katika wasiwasi wao. Mwaka 1904 alianzisha karakana huko Marblehead, Massachusetts, ambako wagonjwa walifundishwa ufumaji na ufinyanzi, na mwaka 1906 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa dola 1,000 za kuendeleza uchunguzi wake.

Mwingine aliyeifikia njia hiyo alikuwa msanifu majengo George Barton, aliyeugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu na kupooza upande mmoja. Kwa useremala na bustani aliurudishia mwili wake sehemu ya nguvu zake. Machi 1917 aliwaalika wenzake Clifton Springs, New York, wakaunda chama cha fani inayoitwa leo tiba kazi. Wako wanaosema fani hiyo ni mtoto wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe hazikubaliani nao kikamilifu, kwa sababu Marekani iliingia vitani mwezi uliofuata. Hata hivyo, majeruhi ndio waliofanya serikali iihitaji, kwani askari aliyerudi kazini alipunguza mzigo wa malipo ya ulemavu. Kwa hiyo wazo lilitangulia vita, na vita vikalipa bajeti na wafanyakazi.

Hatua iliyofuata ilihusu sanaa yenyewe. Mwaka 1938 mchoraji Adrian Hill alilazwa kwa kifua kikuu huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo zilikuwa bado hazijapatikana, na wagonjwa walilala miezi mingi wakisubiri. Hill alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, kisha akawashirikisha wagonjwa wengine, na mwaka 1942 akaibuni istilahi ya tiba ya sanaa. Nchini Brazil, daktari Nise da Silveira, aliyewahi kufungwa kwa sababu za kisiasa, alirudi kazini mwaka 1944 na kukataa kuwatibu wagonjwa kwa mshtuko wa umeme. Mwaka 1946, katika hospitali ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, alianzisha karakana za uchoraji na ufinyanzi. Michoro ilikuwa mingi na yenye uzito hata ikafunguliwa jumba lake la makumbusho mwaka 1952.

Kwa nini kazi hizi husaidia? Hall alisisitiza kwamba huondoa mawazo kwenye ugonjwa. Barton alisisitiza kwamba huujenga mwili na mazoea yake. Da Silveira aliona kwamba humpa njia ya kujieleza mtu ambaye maneno yamemshinda. Maelezo haya hayapingani, kwani kila mmoja alikuwa na wagonjwa wa aina yake. Wala hayaondoi haja ya dawa, kwa maana kifua kikuu kilikuja kutibiwa kwa antibiotiki, si kwa brashi. Lakini hospitali zilizojaa za karne ya 19 zinaonyesha kwamba kazi pekee haitoshi, maana wagonjwa wake walifanya kazi kila siku. Walichokosa ni kazi iliyochaguliwa kwa kuangalia hali ya mgonjwa badala ya mahitaji ya jengo, na hicho ndicho kila mwanzilishi baada ya Tuke, kuanzia Hall hadi da Silveira, alilazimika kukirudisha.