Stika ndogo ndani ya boneti, na moshi wa Los Angeles

Haya wasomaji, mliozoea kuja hapa kusoma mambo ya seva na hifadhidata mnisamehe. Leo nimeinamia boneti ya gari. Lakini vumilieni, tutaishia kwenye programu tu, kama kawaida yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Nina Subaru Impreza ya 1500cc iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, kama magari mengi ya hapa Nairobi. Binamu yangu anayeishi California aliniletea zawadi: bomba la kuvuta hewa lenye chujio kubwa, la kuipa injini pumzi zaidi. Ndani ya boksi mlikuwa na stika ndogo yenye herufi D, vistari na tarakimu kadhaa, pamoja na maagizo kwamba ibandikwe karibu na injini mahali inapoonekana wazi. Nikabeba boksi mpaka kwa fundi wangu. Mzee yule hakuitazama stika hata mara moja. Aliingia chini ya gari, akagonga ekzosi kwa spana, akasema: "Kijana wangu, kwanza tutoe hii katalitiki. Inaziba injini. Ukitaka, nitainunua mwenyewe."

Katalitiki, kwa asiyeijua, ni ule mtungi wa chuma ulio kwenye bomba la ekzosi. Ndani yake mna vijitundu vingi vilivyopakwa madini kama platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wanunuzi hawakosekani. Moshi wa sumu ukipita humo hugeuzwa kuwa hewa yenye madhara madogo zaidi. Nikamwambia, "Mzee, nipe wiki moja nifikirie." Wiki hiyo niliitumia kufuatilia ile stika ilitoka wapi, na nikajikuta katikati ya vita.

Tarehe 26 Julai 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakazi wa Los Angeles waliamka wakakuta ukungu wa moshi uliowachoma macho na koo. Katikati ya jiji mtu hakuona mbali. Wako waliodhani Wajapani wamewashambulia kwa gesi. Lawama ikaangukia kiwanda kimoja kilichotengeneza kemikali ya mpira bandia. Kikafungwa kwa muda, na moshi ukaendelea kama kwamba haukupata habari.

Aliyefumbua fumbo hilo alikuwa Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha chuo cha Caltech. Kazi yake wakati huo ilikuwa kuchunguza kinacholipa nanasi ladha na harufu yake! Mitambo aliyotumia kunasa harufu ya nanasi aliigeuza kunasa hewa ya jiji, akapata tone la maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli usioungua vizuri, yaani haidrokaboni, ukikutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua kali, huzaa ozoni. Na ozoni ndiyo iliyokuwa ikiwaliza watu. Ninachopenda zaidi ni kipimo kimojawapo alichotumia: vipande vya mpira vilivyokunjwa. Ozoni hupasua mpira, basi ukihesabu dakika mpaka nyufa zianze, umepima hewa. Sisi tunaoandika programu tungeita hilo jaribio la bei rahisi.

Matokeo yake hayakupendwa. Kampuni za mafuta zililipia wataalamu wampinge, na mwaka 1969 serikali ya Marekani iliwashtaki watengenezaji wakubwa wa magari kwa kula njama ya kuchelewesha vifaa vya kupunguza moshi. Hata hivyo sheria zilikuja. Kuanzia magari ya 1963 California ililazimisha vali inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue tena, badala ya kuumwaga barabarani. Mwaka 1966 kikaja kipimo cha kwanza cha moshi wa ekzosi. Mwaka 1967 Gavana Ronald Reagan alitia saini sheria iliyounda Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, ambayo wote huiita CARB, na mwenyekiti wake wa kwanza akawa yule yule mtu wa mananasi.

Sasa fikiria jimbo hilo hilo ndilo lililokuwa nyumbani kwa vijana waliopenda kuongeza nguvu za magari. Jarida la Hot Rod lilianza kuchapishwa huko Januari 1948. Vijana walinunua Ford kuukuu, wakabadilisha kabureta, kamshafti na mabomba, wakaenda kushindana kwenye mabonde makavu ya chumvi. Mwaka 1963 watengenezaji wa vifaa hivyo waliunda chama chao, SEMA. Kwa hiyo katika mji mmoja kulikuwa na watu wawili: mmoja ametoka kufunga vali ya kupunguza moshi, mwingine ana spana mkononi anataka kuing'oa.

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilikataza kuharibu vifaa vya kudhibiti moshi, lakini kwanza ilimbana mtengenezaji wa gari na muuzaji tu. Mwenye gari na gereji yake walikuwa nje. Mwaka 1977 gereji zikaingizwa. Mwaka 1990 akaingizwa kila mtu, pamoja na yeyote anayetengeneza, kuuza au kufunga kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kuzima udhibiti huo. Mtaona waliziba mwanya mmoja baada ya mwingine, kama vile tunavyofanya tukigundua mtumiaji amepata njia ya kuruka ukaguzi wetu.

California ilikwenda njia yake, na hapa ndipo stika yangu ilipozaliwa. Kifungu cha 27156 cha Sheria ya Magari ya jimbo hilo kinakataza kifaa chochote kinachobadilisha mfumo wa moshi. Halafu kinaacha mlango mmoja wazi: kama CARB imekiri kwamba kifaa hakipunguzi kazi ya mfumo huo, ruhusa. Ruhusa hiyo hutolewa kwa hati iitwayo Amri ya Utendaji, na kila hati ina nambari inayoanza na D. Tafakarini jinsi mzigo ulivyohamishwa. Serikali haihitaji kuthibitisha kwamba bomba lako linachafua hewa. Ni mtengenezaji anayepaswa kuonyesha kwamba halichafui, na asipoonyesha, kifaa hakiingii barabarani. Mimi naona hilo ndilo jambo la werevu kuliko yote katika historia hii.

Anathibitishaje? Gari hulazwa usiku kucha ndani ya chumba chenye joto linalodhibitiwa. Asubuhi huwashwa likiwa baridi juu ya rola za chuma na "kuendeshwa" safari ya kilomita kama 12 iliyoigwa kutoka kwa barabara za Los Angeles, kusimama na kuondoka kama kwenye foleni. Injini huzimwa dakika kumi, kisha sehemu ya kwanza ya safari hurudiwa. Sampuli za moshi hukusanywa kwenye mifuko na kupimwa. Dakika za kwanza ndizo ngumu, kwa sababu katalitiki baridi haifanyi kazi.

Nilijiuliza kama mtu wa kawaida: chujio la hewa lina kosa gani? Hewa ni hewa. Jibu liko kwenye kompyuta ya injini. Gari nyingi za kisasa zina kitambuzi kinachopima hewa inayoingia, na hesabu yake inategemea upana wa bomba kilipofungwa. Weka bomba pana zaidi, hewa ile ile itapita polepole zaidi mbele ya kitambuzi, na kompyuta itadhani hewa ni kidogo. Itamwaga petroli pungufu. Katalitiki ya kisasa inataka mchanganyiko uwe pale pale, takriban gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Ukipungukiwa na petroli, oksidi za nitrojeni hupita bila kuguswa. Ndiyo maana Volvo ilipoleta katalitiki ya aina hiyo kwenye magari yake ya 1977 ya California, iliambatanishwa na kitambuzi cha oksijeni kinachosahihisha kompyuta kila wakati. Kitambuzi hicho husahihisha kosa dogo. Kosa kubwa humshinda. Zaidi ya hayo, baadhi ya magari yana mkaa maalum ndani ya boksi la chujio, unaonasa mvuke wa petroli gari likiwa limeegeshwa. Ukitupa boksi, umetupa na mkaa.

Kwa upande wa ekzosi, mpaka uko wazi. Mabomba yaliyo nyuma ya katalitiki hayahitaji nambari ya D, maana moshi umeshasafishwa. Yaliyo mbele yake yanahitaji, na katalitiki ya badala nayo ina idhini yake. Tabo na programu za kompyuta ya injini ni lazima. Spea ya kawaida iliyo sawa na ya kiwandani haina shida.

Tangu 1984 magari ya California hukaguliwa moshi kwa vipindi, na mkaguzi hafanyi tu kipimo, bali hufungua boneti na kutazama. Akiona bomba linalong'aa bila stika, gari limeanguka hata kama moshi wake ni safi. Ndiyo maana muuzaji asiye na nambari huandika kwenye boksi kwamba kifaa ni cha magari ya mashindano pekee. Mnunuzi hulisoma, hutabasamu, na kulifunga kwenye gari la kwendea kazini. SEMA kwa upande wao walifungua maabara Diamond Bar, California, kuwasaidia wanachama wapate nambari hizo. Waliokuwa na spana mkononi sasa wana mifuko ya kupimia moshi.

Nilisema tutaishia kwenye programu. Kuanzia magari ya 1996, kila gari dogo linalouzwa Marekani lina tundu la uchunguzi la OBD-II, na kwa tundu hilo hilo watu waligundua unaweza kuandika upya programu ya injini. Hakuna bomba linalong'aa, hakuna cha kuonekana boneti ikifunguliwa. Stika ilishindwa. Halafu Septemba 2015 ikafichuka kwamba Volkswagen yenyewe ilikuwa imeandika msimbo unaotambua gari liko kwenye rola za jaribio. Barabarani, oksidi za nitrojeni zilifika hadi mara 40 ya kiwango. Magari takriban milioni 11 duniani. Mhandisi wa programu aliyeona jambo hilo asishtuke, simwelewi. Kile ambacho fundi angefanya kwa msumeno, wao walifanya kwa mistari ya msimbo.

Tangu 19 Julai 2021 ukaguzi wa California huiomba kompyuta ya gari nambari yake ya uhakiki, ile inayokokotolewa kutokana na programu nzima, na kuilinganisha na zinazojulikana. Ikiwa programu si ya kiwandani wala haina Amri ya Utendaji, gari limefeli, nenda ukairudishe. Sisi hufanya hivyo kila siku tukipakua faili. Nilicheka peke yangu nilipoisoma.

Basi nikarudi kwenye boksi langu. Nikatafuta nambari ya stika kwenye orodha ya CARB, ambayo iko wazi kwa yeyote, na nikasoma hati yenyewe badala ya tangazo la muuzaji. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, maana hati hutaja aina ya gari, miaka na injini, na nambari iliyopatikana kwa injini moja haisemi lolote kuhusu nyingine. Yangu ilitaja Impreza za soko la Marekani. Injini ya 1500cc haikuwamo, kwa sababu Impreza ya injini hiyo haikuuzwa Marekani. Jaribio lilifanywa, lakini si kwa gari langu.

Kenya hakuna anayeniuliza stika. Ningeweza kulifunga jioni ile ile. Lakini barabara ninayoishi ina shule ya msingi, na matatu na malori yanatosha kuwakohoza wale watoto bila msaada wangu.

Nilipomrudia mzee nilimweleza pia jambo la katalitiki. Akaniambia alijifunza kuzitoa zamani, enzi za petroli yenye risasi, na hapo hakuwa na kosa, maana risasi hufunika yale madini na kuiua katalitiki kabisa. Lakini risasi iliondoka kwenye petroli yetu mwaka 2006. "Kumbe," akasema, "basi hii yako tuipime kwanza kama imeziba kweli." Akafunga kipimo cha mgandamizo mahali pa kitambuzi cha oksijeni, tukapandisha injini. Haikuwa imeziba. Uvivu wa gari ulitokana na plagi zilizochakaa, nne, na kitambuzi cha hewa kilichojaa vumbi la barabara yetu. Alikisafisha kwa dawa ya kupuliza, akabadilisha plagi, na gari likapanda mlima wa Limuru bila kulalamika.

Mabomba ya nyuma ya katalitiki nilibadilisha, nakiri, kwa ajili ya sauti tu. Lile la hewa bado limo ndani ya boksi juu ya kabati. Mwenye Impreza iliyotajwa kwenye hati ile aniandikie, nitampa na stika yake.