Miaka 58, na Bahari Mbele Yake

Tangu matayarisho ya jubilii hii yaanze, nimesikia zaidi ya mara moja mzee au mama wa kwaya akisema kwamba sherehe ikiisha atavua joho na kuwaachia vijana. Siwalaumu. Magoti yanauma, na zile noti za juu siku hizi wengine wetu tunazitazama tu zikipita. Lakini kabla joho halijakunjwa, tumkumbuke mtu ambaye wimbo wake umetuchosha jioni nyingi za mazoezi, ule wa mbingu unaotokana na Zaburi ya 19. Joseph Haydn alikuwa amepita miaka 60 alipoutunga.

Alizaliwa mwaka wa 1732 katika kijiji cha Rohrau, Austria, mtoto wa fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Akiwa na miaka 8 hivi alichukuliwa kuimba katika kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano jijini Vienna. Sauti ilipovunjika, alitolewa kwayani akiwa hana fedha. Alihangaika miaka mingi hadi 1761, alipoajiriwa na ukoo tajiri wa Esterházy. Mkataba wake ulimtaka avae sare kama watumishi wengine wa nyumba, na kila alichotunga kilikuwa mali ya bwana wake. Huko alikaa karibu miaka 30, sehemu kubwa katika kasri lililojengwa mbali na mji, kwenye nchi ya majimaji huko Hungaria. Wapiga ala wake walimpenda, wakamwita Baba. Hata hivyo, barua zake za mwaka wa 1790 ni za mtu mpweke aliyechoka.

Septemba mwaka huo bwana wake, Nikolaus, akafa. Mrithi hakuwa mpenzi wa muziki, na karibu okestra yote ikaachishwa kazi. Haydn aliachiwa pensheni nzuri na cheo kisicho na kazi. Alihamia Vienna, akiwa na miaka 58. Kwa nyakati zile huyo alikuwa mzee, na hakuna ambaye angemlaumu kama angeketi kivulini.

Ndipo mpiga fidla Johann Peter Salomon, aliyekuwa akiandaa matamasha London, akabisha hodi kumwita Uingereza. Inasimuliwa kwamba rafiki yake Mozart, kijana wa miaka 34, alijaribu kumzuia: hujazoea ulimwengu, na lugha chache tu unazijua. Haydn akamjibu kwamba lugha yake inaeleweka dunia nzima. Waliagana Desemba 1790, na Mozart alikuwa na hofu kwamba hawataonana tena. Ikawa kweli, ila aliyefariki ni kijana. Mozart alikufa Desemba 1791, mzee akiwa bado London, na habari hizo zilimuumiza sana.

Siku ya Mwaka Mpya 1791 Haydn alivuka bahari kutoka Calais hadi Dover. Hakuwa amewahi kuiona bahari. Alimwandikia rafiki yake kwamba alikaa juu ya sitaha safari nzima, ili alitazame vizuri lile dubwana la maji. (Sisi wa bara tuliofika Mombasa mara ya kwanza tukiwa watu wazima tunamwelewa.)

London ilimpokea kwa shangwe. Katika safari mbili, hadi 1795, alitunga simfonia 12, nazo ni miongoni mwa kazi zake zinazopigwa zaidi hadi leo. Lakini naona jambo kubwa zaidi lilimpata alipokuwa ameketi kimya, akisikiliza wengine. Mwaka wa 1791, katika kanisa la Westminster Abbey, alisikia kazi za Handel zikiimbwa na kupigwa na watu zaidi ya 1,000. Mwaka uliofuata, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, alisikia watoto wapatao 4,000 wa shule za hisani wakiimba wimbo mmoja mwepesi. Aliunakili katika daftari lake, akaandika kwamba hakuna muziki uliowahi kumgusa kiasi kile maishani. Mwalimu aliyeheshimiwa Ulaya nzima, na bado sikio lake lilikuwa wazi kwa watoto wa maskini!

Alirudi nyumbani na maneno ya Kiingereza juu ya uumbaji, yaliyotoka katika Mwanzo, Zaburi na shairi la John Milton. Yakatafsiriwa kwa Kijerumani, naye akaanza kazi mwaka wa 1796. Alieleza baadaye kwamba kila siku alipiga magoti na kumwomba Mungu ampe nguvu za kuimaliza. Aprili 1798 oratorio hiyo, Uumbaji, iliimbwa mara ya kwanza Vienna. Kwaya inaanza chinichini kabisa, kisha kwenye neno nuru sauti zote na okestra nzima zinalipuka pamoja. Aliyeandika mlipuko ule alikuwa na miaka 66.

Hakuendelea hivyo milele. Oratorio yake iliyofuata, ya mwaka wa 1801, ilimchosha mno, akalalamika kwamba imemvunja mgongo. Baada ya hapo alitunga kidogo, halafu akaacha kabisa. Mawazo yalikuwa bado yanamjia, alisema, ila mwili haukuweza kuyaandika.

Tarehe 27 Machi 1808 Uumbaji uliimbwa katika chuo kikuu cha Vienna kwa heshima yake. Aliingizwa ukumbini akiwa amebebwa kitini. Kwaya ilipofika kwenye nuru, watu walishangilia, naye akainua mkono kuonyesha juu: imetoka huko. Sehemu ya kwanza inaishia na wimbo wetu wa Zaburi ya 19. Ulipokwisha, mzee alikuwa ameguswa mno, hakuweza kukaa zaidi. Wakambeba kumrudisha nyumbani, na waimbaji wakafungua sehemu ya pili.