Owino Uhuru: Fidia ya Watu na Deni la Udongo

Ndugu zetu wa Mikindani na Changamwe, mlio nyumbani na mlio mbali,

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru. Kilifungwa mwaka 2014. Moshi ukaisha, risasi ikabaki ardhini, kwa kuwa risasi haiozi.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Iliamuru pia udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne. La sivyo, zilipwe shilingi milioni 700 za kazi hiyo. Baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024.

Hesabu hizo mbili tusizichanganye. Fidia ni haki ya mtu, lakini haisafishi uwanja anaochezea mtoto wake.

Wahandisi wana njia tatu: kuchimba udongo wa juu na kuuzika kwenye shimo lisilopitisha maji; kuufunika kwa udongo safi au zege; au kuuchanganya na fosfeti ili risasi ishikane, isiyeyuke upesi. Ya kwanza ni ghali, lakini huondoa sumu. Mbili nyingine ni nafuu, ila risasi hubaki pale pale na ukaguzi hauna mwisho.

Njia yoyote itakayochaguliwa, kwanza udongo upimwe nyumba kwa nyumba. Mchango wetu wa mwaka huu na uanzie hapo.