Kichaka cha Bondeni na Picha Yake

Kericho na Bomet ni nchi ya chai. Tangu miaka ya 1920, makampuni makubwa yalipoanza kupanda mchai huko, vilima vingi vimevikwa rangi moja ya kijani. Lakini mchai hauvumilii maji yanayotuama penye mizizi yake. Ndiyo sababu mabonde yenye kinamasi yalibaki nje ya safu za chai, yakawa makao ya matete na vichaka vya asili. Maji ya nchi hiyo huingia katika mito kama Nyangores na Kiptiget, na mwisho wa safari yake ni Ziwa Victoria.

Miongoni mwa vichaka vipendavyo kingo za mito na kinamasi magharibi mwa Kenya ni kile ambacho wataalamu hukiita Sesbania sesban. Ni cha jamii ya kunde. Vijijani vyake vyembamba hupangika jozi kwa jozi juu ya kikonyo kimoja, maua yake ni ya manjano yenye madoadoa ya zambarau, na maganda ya mbegu zake ni marefu na membamba. Hukua upesi, huwapa watu kuni na mifugo chakula, na mizizi yake huurutubisha udongo.

Mtaalamu wa mimea akitaka kukihifadhi kichaka hiki, hukata tawi, akalibana baina ya karatasi, akalikausha. Tawi hilo laweza kudumu miaka mingi, lakini manjano ya ua hufifia na umbo lake hulala bapa. Hapo ndipo mchoraji anapohitajika. Yeye hulitazama ua kabla halijanyauka, akahesabu petali zake, akapima jani lake, akaitafuta rangi yake halisi. Tena aweza kuweka katika ukurasa mmoja ua, ganda na mbegu, vitu ambavyo tawi moja huenda lisivioneshe kwa siku moja.

Kazi ya kutoa nakala za picha hizo ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1787 William Curtis alianzisha mjini London jarida la mimea lililokuja kuitwa Curtis's Botanical Magazine. Mistari ya picha ilipigwa chapa kwa bamba la shaba, na baadaye kwa jiwe. Lakini rangi zilitiwa kwa mkono, nakala baada ya nakala. Watia rangi waliwekewa mbele yao picha moja ya kielelezo, nao wakaifuata. Wengi wao hawakupata kuuona mmea wenyewe wala nchi ulikotoka. Mtu aliyezidisha buluu kidogo alimpa msomaji wake ua ambalo halikuota popote duniani.

Afrika ya Mashariki nayo iliingia katika kurasa hizo. Ofisa Mjerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake huko Ujerumani mmea mdogo wa milima ya Usambara, uotao penye kivuli na unyevu. Mwaka 1893 ulipewa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Mwaka 1895 picha yake ilitokea katika jarida la Curtis, nakala zake zikiwa zimetiwa rangi kwa mkono. Desturi hiyo ya kutia rangi ilidumu hadi mwaka 1948.

Karibu na mwisho wa zama hizo alitokea mchoraji mwingine hapa Kenya. Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 katika nchi iliyokuwa Austria, alifika Kenya mwaka 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea katika makumbusho ya Nairobi, naye akamhimiza kuchora maua ya nchi hii. Mwaka 1947 chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa picha hizo. Dunia ilimjua zaidi baadaye kwa habari za simba Elsa. Lakini kabla ya simba, aliketi mbele ya maua akahesabu petali.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ya mmea ni daftari la namna hiyo. Hata hivyo, daftari halina maana ghala likiwa tupu. Katika nchi ya chai, viwanda huhitaji kuni za kukaushia majani, na mikaratusi hukua upesi. Mti huo hunywa maji mengi. Ukipandwa bondeni, kinamasi hukauka na vichaka vya asili hukosa makao. Mahitaji ya mkulima ni ya kweli, wala hapana haki kumlaumu kwa kutafuta riziki. Lakini hasara nayo ni ya kweli.

Hasara hiyo huigusa hata picha. Mtia rangi akikosea, kosa lake huonekana pale mtu anapoichukua nakala akaenda nayo penye mmea, akalinganisha manjano kwa manjano. Kichaka kikiwa kimetoweka, hapana tena wa kuisahihisha nakala. Kosa hugeuka kuwa ukweli, na msomaji hana pa kukata rufani. Kwa hiyo bonde lenye maji ndilo kielelezo cha kwanza, na picha zote ni nakala zake. Anayekilinda kichaka ukingoni mwa mto huilinda pia kazi ya mchoraji, ingawa huenda hajapata kushika brashi maishani mwake.