Ulimbo wa Ndege na Ulimbo wa Eropleni

Neno ulimbo ni la zamani katika lugha yetu. Ni utomvu unaonata, utokao mtini, ambao watoto huupaka vijitini ili kunasia ndege. Siku hizi viwanda hufanya ulimbo wa namna nyingine uitwao resini, ambao humiminwa ungali majimaji katika kalibu, ukaganda, ukawa mgumu kama jino. Kwa resini hiyo mafundi wa mifano midogo hufanya viungo vya eropleni. Insha hii yahusu ulimbo huu wa pili. Lakini ule wa kwanza hatutausahau, kwa kuwa eropleni tutakayoitaja ni ya namna iliyotumika katika Afrika ya Mashariki kupiga vita ndege walao nafaka. Na ili ndege mwenye manyoya asichanganyike na ndege wa chuma, wa chuma nitamwita eropleni, kama wazee wetu walivyomwita.

Mtu anunuaye kisanduku cha mfano wa eropleni hupata vipande vya plastiki, karatasi ya maelezo, na alama za kubandika. Kisanduku hufanywa kwa ajili ya wanunuzi wengi, kwa hiyo huonyesha eropleni katika sura iliyojulikana na wengi. Mwenye kutaka sura nyingine hana budi kuigeuza ile ya kisandukuni. Na kwa haja hiyo mafundi wachache huuza seti za resini za kugeuzia, yaani pua nyingine, mkia mwingine, au vyombo vya kutundikwa chini ya mabawa. Hapo ndipo swali linapozuka: katika seti hizo achague ipi? Swali hili laonekana kuwa la mchezo. Nadhani ni swali la historia, na kwamba ajibuye vibaya huandika historia ya uwongo kwa mikono yake.

Tuanze na nchi yenyewe. Mkoa wa Singida ni nchi kavu ya katikati ya Tanzania. Wanyaturu, Wanyiramba na majirani zao wamelima humo mtama na uwele kwa vizazi vingi, kwa sababu mimea hiyo huvumilia uchache wa mvua. Lakini mtama na uwele huzaa punje zilizo wazi, na adui wa punje zilizo wazi ni kweleakwelea. Ndege huyu ana uzito wa gramu 15 hadi 20 tu, naye huweza kula au kuharibu yapata gramu 10 za nafaka kwa siku. Kidogo hiki si kitu, mpaka tukumbuke kwamba kundi moja huweza kuwa na ndege milioni moja na zaidi. Milioni moja kwa gramu 10 ni tani 10 kwa siku moja. Husemwa kwamba haba na haba hujaza kibaba. Kwa kweleakwelea haba na haba hukimaliza.

Silaha ya kwanza ya mkulima ilikuwa dungu, teo na sauti. Dungu ni ulingo wa miti katikati ya shamba; teo ni kombeo la kutupia mawe; na sauti ni ya mama na watoto, wanaoamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi katika majuma ambayo punje hukomaa. Kazi hiyo haina malipo, nayo huwatoa watoto darasani. Basi eropleni ilipokuja, haikuja mahali pasipo na vita. Ilikuta vita vya zamani ambavyo askari wake walikuwa wamechoka.

Eropleni hizo zilitumwa kwanza kwa ajili ya nzige. Tambarare ya Wembere, iliyo upande wa magharibi wa Iramba, ni mojawapo ya mahali ambapo nzige wekundu huzaliana, nayo yaangaliwa kwa sababu hiyo pamoja na bonde la Rukwa. Kwa nzige wa jangwani liliundwa mwaka 1962 shirika la Afrika ya Mashariki la kuwadhibiti, na Tanzania ni mwanachama wake. Shirika hilo hupambana pia na viwavijeshi, mbung'o na kweleakwelea. Miongoni mwa eropleni zake ni Beaver, iliyoundwa Kanada na kampuni ya de Havilland, ikaruka mara ya kwanza tarehe 16 Agosti 1947. Ilikusudiwa iruke na kutua penye uwanja mfupi na mbaya. Sifa iliyowafaa watu wa misitu ya Kanada ikawafaa pia watu wa viwanja vya vumbi. Hadi mwaka 1967 ziliundwa zaidi ya 1,600.

Sasa turudi kwenye kisanduku. Mabawa ya Beaver halisi yana upana wa mita 14.63 kutoka ncha hadi ncha. Katika kipimo cha 1 kwa 72 huwa sentimita 20 na kidogo. Visanduku vyake vimepatikana kwa miaka mingi, na katika baadhi yake mna maboya ya kutulia ziwani na mbao za kutelezea theluji. Theluji imekumbukwa, mtama haukukumbukwa. Anayetaka eropleni ya kweleakwelea hana budi kutafuta viungo nje ya kisanduku.

Kanuni yangu ya kwanza ni hii: chagua siku kabla ya kuchagua seti. Pasiwe na kusema, "Nataka Beaver ya Afrika". Hapana eropleni iliyoitwa hivyo. Iwepo picha moja, ya eropleni moja, yenye herufi zinazosomeka ubavuni. Herufi hizo ni kalenda. Kabla ya uhuru, za Tanganyika zilianza kwa VR-T na za Kenya kwa VP-K. Baada ya uhuru Tanzania ikawa 5H na Kenya 5Y. Anayebandika 5H juu ya tukio la mwaka 1955 amekosea sawasawa na mwandishi atajaye Jamhuri kabla ya kuzaliwa kwake.

Kanuni ya pili: itazame pua. Beaver ya kwanza ilikuwa na injini ya silinda 9 zilizopangwa duara, na pua yake ni butu kama ya kiboko. Baadaye, kuanzia miaka ya 1960, ziliundwa chache, yapata 60, zenye injini ya turbini. Hizi zina pua ndefu nyembamba, na mkia wa umbo jingine. Urefu wake wapita ule wa kwanza kwa zaidi ya mita moja. Seti ya resini inayouzwa kwa jina la Beaver ya turbini huvutia macho, kwa kuwa hubadilisha umbo zima. Lakini kama picha yaonyesha pua butu, seti hiyo ni uwongo wa ghali.

Kanuni ya tatu yahusu kinyunyizio. Katika miaka ya 1950 Waingereza wawili, Britten na Norman, waliendeleza chombo chenye kikapu cha wavu na visu vidogo. Upepo huzungusha visu, visu huzungusha kikapu, na dawa hutawanyika kuwa matone madogo mno. Vyombo hivyo hutundikwa chini ya mabawa. Katika mfano, kimoja chakaribia ukubwa wa punje ya mchele. Hicho ndicho kiungo kilicho bora kuliko vyote, maana bila hicho eropleni yetu ni ya abiria tu. Mwenye fedha ya seti moja asinunue pua mpya. Anunue punje hizo za mchele.

Hatimaye ipimwe seti yenyewe. Je, imefanywa kwa kisanduku ulicho nacho, au kwa cha kampuni nyingine? Je, ina viputo vya hewa, au imepinda? Iliyopinda kidogo hunyooka katika maji ya moto. Iliyosinyaa hainyooki kamwe. Resini haishikwi na gundi ya plastiki, bali na supaglu au gundi ya epoksi. Nayo hukatwa na kupigwa msasa ikiwa imeloa, kwa sababu vumbi lake lina madhara kifuani.

Baada ya yote hayo, mfano ukikaa mezani umekamilika, bado lipo deni. Dawa iliyotumiwa sana juu ya kweleakwelea ni fenthion. Hupulizwa jioni, ndege wanapokusanyika mitini kulala. Huua kweleakwelea, na huua pia ndege wengine, nayo ni hatari kwa watu waokotao mizoga ili kuila. Mwaka 2025 nchi za Mkataba wa Rotterdam ziliiweka fenthion iliyo kali ya kupulizwa katika orodha ya dawa zisizopelekwa katika nchi nyingine bila ridhaa yake kwanza. Na huko Kondoa, jirani ya Singida, wako watu wanaowanasa ndege hao hao kwa mitego ya vikapu, wakawafanya kitoweo. Kwao adui ni chakula, mradi hajatiwa sumu.

Kwa hiyo mfano usiwe sifa tupu. Hapana kampuni iuzayo dungu la resini, wala mama mwenye teo, wala mtoto aliyekosa darasa. Viungo hivyo fundi atajichongea mwenyewe, kwa kijiti na uzi. Lakini dungu likisimama kando ya eropleni, mtazamaji ataona mara moja kile ambacho eropleni peke yake haisemi: kwamba vita hivi vilikuwa na askari wa chini kabla ya askari wa angani, na kwamba wa chini hawajaliacha dungu hata leo.