Mrashi wa Kioo, Si Kinyunyizio

Orodha ya istilahi za magari niliyoletewa kuipitia ina mengi ya kuudhi, lakini moja limepita mengine yote. Kile kitundu kilicho juu ya boneti, kinachorusha maji kwenye kioo ili waipa zipate kuondoa vumbi, kimeitwa “kinyunyizio cha kioshea kioo cha upepo”. Maneno sita, kwa kitu kinachoweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba!

Tuanze na hicho kioo. Kioo cha upepo ndicho kioo gani? Dereva wa Mwanza, utingo wa Tanga na fundi wa Gerezani wote husema kioo cha mbele, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa kusema hivyo. Upepo umeingia humo kwa sababu lugha iliyotafsiriwa inao, na mtafsiri akaogopa kuuacha nje.

Kinyunyizio nacho kina asili inayojulikana. Kamati zetu zimeshika kanuni moja: twaa kitenzi, kibandike ki- mbele na -io nyuma, kisha kanywe chai. Ndivyo waipa zilivyogeuzwa “vifutio” katika orodha hiyohiyo, kana kwamba dereva yuko darasani anafuta ubao. Sina ugomvi na muundo wenyewe. Nina ugomvi na uvivu. Kinyunyizio tayari ni cha bustani, ni cha dawa ya pamba, na ni kile cha kuzimia moto kinachofungwa kwenye dari za maghala. Neno lililokwisha kuajiriwa mara tatu halifai kuongezewa kibarua cha nne.

Jina ninalolipendekeza, na ambalo kikao kimoja kililipokea kwa kicheko, ni mrashi.

Mrashi haukubuniwa na mtu. Ni chombo cha shingo ndefu, cha fedha, shaba au kioo, chenye vitundu vidogo kwenye ncha, kinachotiwa maji ya waridi na kurashiwa wageni harusini na kwenye maulidi. Unguja na Lamu unakwenda sambamba na chetezo, na Waomani wanacho chombo hichohicho kwa jina la mzizi huohuo. Mzizi wenyewe ni wa Kiarabu, rashsha, yaani kurusha maji matone matone, na Kiswahili kimeuzalisha bila kuomba ruhusa ya mtu: kurasha, kurashia, marashi, rasharasha za mvua. Marashi, ambayo leo wengi wanayadhani ni jina la manukato tu, yana maana ya kile kinachorashwa. Hata ile m- ya mwanzo ina hadithi. Katika Kiarabu mirashsh limeundwa kwa mizani ya majina ya ala, kwa hiyo sauti hiyo ilikuwa alama ya chombo kabla haijavuka bahari. Kiswahili kikaipokea kama kiambishi cha ngeli, kikalipa neno wingi wake, mirashi, likakaa pamoja na mrija na mfereji, ambao nao ni jamaa wa maji. Ala kwa Kiarabu, ngeli kwa Kiswahili: kamati gani ingeweza kupanga hivyo?

Sasa tazama umbo la kazi. Maji yamo katika chombo, nguvu inayasukuma, yanapita shingo nyembamba na kutokea kitundu kidogo kumfikia anayelengwa. Hakuna tofauti kati ya mrashi wa harusini na ule wa Corolla 110 ila kwamba wa kwanza husukumwa na mkono na wa pili na pampu ya umeme. Wala pampu si lazima. Volkswagen Beetle za mwishoni mwa miaka ya 1960 hazikuwa na pampu ya umeme kwa kazi hiyo. Maji ya kioo yalisukumwa na upepo wa tairi la akiba. Upepo wenye haki ya kutajwa katika habari hii ni huo tu.

Nimejibiwa kwamba mrashi ni neno la pwani, watu wa bara hawalijui. Hoja hii inanichosha. Usukani ulikuwa wa jahazi, na leo unashikwa na dereva wa lori wa Kigoma ambaye huenda hajaona tanga maisha yake yote. Rubani alikuwa wa chomboni baharini kabla hajapanda ndege. Tangu mwaka 1928, Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, bara imekuwa ikisafiri kwa maneno ya pwani na haijalalamika. Wanaolalamika ni wanakamati.

Mwenzetu mwingine, ambaye sitamtaja kwa kuwa anapenda kutajwa, ameleta “kitemamaji”. Hoja yake ni kwamba hata swila hutema, tena hulenga macho. Ni kweli. Lakini swila hutema sumu, na sioni kwa nini nimkumbuke kila ninapotaka kuona barabara.

Kwa upande wa matumizi nitasema machache. Gari likizeeka maji hurushwa kwa unyonge, na fundi hawezi kusaidiwa na jina linalobeba tanki, pampu, mpira na tundu kwa pamoja. Sema mrashi umeziba, naye atajua pa kuanzia. Atauzibua kwa sindano na kuupuliza kwa kompresa, na kama ni chumvi ya maji ya kisima iliyoganda, atauloweka katika siki. Mrashi mmoja ukiwa mnyonge na wa pili ukirusha vizuri, pampu haina kosa. Kosa liko kwenye mrashi au kwenye tawi lake la mpira. Ikiwa yote miwili ni minyonge, achunguze mpira uliopasuka chini ya boneti, kichujio kilichojaa ukungu kwenye mdomo wa pampu, na waya ulioshika kutu, kabla hajakuuzia pampu mpya. Maji yakichelewa kutoka kisha yakaja kwa nguvu, vali ya kuyazuia yasirudi tankini imekufa. Na maji yakipita juu ya paa, kwenye mirashi ya kichwa cha duara, kichwa hicho huinamishwa kwa ncha ya sindano. Yatosha.

Vali na pampu nimeziacha zilivyo, kwa sababu zimekwisha kuwa zetu na sina haja ya kubuni kwa sifa. Mafundi wengine husema nozeli, na kwao sina neno: wamekopa kwa uaminifu na wanaeleweka. Kati ya nozeli na kinyunyizio nitachagua nozeli mchana kweupe. Lakini hatukopi kilichomo nyumbani.

Basi iandikwe: mrashi wa kioo, wingi mirashi ya kioo. Mhariri atakayechapa kile kingine chenye maneno sita asiniletee tena orodha yake niipitie.